Mkaguzi wa Guangzhou na tao dogo la Ollerby

KITAMBAA cha kumi na tatu ndicho kinachomsimamisha.

Ni Jumatano, saa tatu asubuhi, ghorofa ya nne ya jengo la viwanda vidogo wilayani Haizhu, jijini Guangzhou. Mwanahija Shekue, mjane wa miaka hamsini na mbili, ameinamia meza ndefu chini ya taa nyeupe. Futi kamba iko shingoni, lenzi iko mkononi. Vitambaa kumi na viwili vimeshapita kwake. Amevivuta pembe kwa pembe, amepima upindo, amevisugua kwa pamba mbichi kuona kama rangi inatoka. Haitoki.

Cha kumi na tatu anakitandaza aangalie picha yenyewe, anakiinua, anakitandaza tena. Kisha anahesabu kwa kidole, taratibu, kama anavyohesabu tasbihi.

“Matao matano,” anasema. “Na yote yanalingana.”

Mwenye kiwanda, Bi Liang, amesimama pembeni na chupa yake ya chai. Anafurahi kusikia hivyo. “Yanalingana kabisa, Hija jie,” anajibu. Ndivyo Wachina wa hapa wanavyomwita Mwanahija, dada mkubwa Hija. “Kazi safi, eh?”

“Safi sana, dada yangu. Ila si daraja la watu hawa.”

Bi Liang anaacha kunywa chai.

Mzigo uliopo mezani ni vitambaa elfu nne na mia nane vya kukaushia vyombo, pamba nyeupe, vimechapwa rangi tatu: kahawia, kijani na buluu. Picha iliyo juu yake ni ya mji uitwao Ollerby, kaskazini mwa Uingereza. Ni mji mdogo wenye watu wasiofika elfu sita, unaoishi kwa gulio lake la kila Alhamisi.

Mwanahija hajawahi kufika Uingereza. Elimu yake ni ya darasa la saba, aliyoipata Mombo mkoani Tanga. Lakini asubuhi hiyo, katika jiji lote hili la mamilioni ya watu, huenda hakuna aliyeujua mji wa Ollerby kumshinda yeye.

Kazi yake ni kukagua mizigo. Mfanyabiashara aliyeko Dar es Salaam, Lubumbashi au kwingineko anaagiza bidhaa kiwandani Guangzhou, na kabla kontena halijafungwa, anataka mtu wake aende akaangalie. Mwanahija anakwenda. Akiridhika, anaweka saini na mzigo unatoka. Asiporidhika, hauendi popote.

Kwa siku anapata yuan mia tatu, zaidi kidogo ya shilingi laki moja za Tanzania. Mwezi ukiwa mzuri anafanya kazi siku kumi na saba au kumi na nane. Chumba anachopanga mtaa wa Xiaobei ni yuan elfu moja na mia saba kwa mwezi, na sehemu kubwa ya pesa inayobaki inakwenda kwa binti yake pekee, Lulu, anayesomea uuguzi Tanga.

“Wengi wanadhani ninalipwa kwa macho yangu,” anasema. “Macho kila mtu anayo. Mimi nalipwa kwa kusema hapana. Na hapana ni neno zito, hasa pale watu wote chumbani wanataka useme ndiyo.”

Kazi hii aliianza akiwa ndani, hatoki.

Alikuja Guangzhou mwaka 2009 na mumewe, Abdulsalam, aliyekuwa akinunua nguo za jumla na kuzituma Kariakoo. Mwaka 2015 Abdulsalam aliugua figo. Hakumaliza miezi mitatu. Alizikwa huku huku, kwenye makaburi ya Waislamu, na Mwanahija akakaa eda katika chumba cha ghorofa ya tisa, miezi minne na siku kumi, mtaa wote unapiga kelele chini yake.

“Majirani walinihurumia wakaniletea chakula,” anakumbuka. “Lakini shoga yangu Muzdalifa aliniletea mashati.”

Muzdalifa, mfanyabiashara kutoka Unguja, alikuwa amenunua mashati mia mbili soko la Shisanhang. Alipoyafungua akakuta mengine hayana vifungo. Akayapandisha yote kwa mjane, marobota mawili.

“Nilimwambia, wewe umekaa tu unalia, basi lia huku unanihesabia vifungo,” anasema Muzdalifa, ambaye mdomo wake unajulikana Xiaobei nzima. “Akahesabu. Akanitolea mashati thelathini na moja mabovu, na kila moja amelifunga uzi mwekundu mahali penye kasoro. Mimi mwenyewe mengine nilikuwa sijayaona!”

Wiki iliyofuata wakaja wanawake wengine na viatu vya soko la Zhanxi, na magauni, na mashuka. Eda ilipokwisha, Mwanahija tayari alikuwa na kazi. Ndugu zake wa Mombo walipiga simu kumtaka arudi. Akawajibu kwamba riziki Mungu alishamletea mpaka mlangoni, hawezi kuifungia nje.

Mzigo wa Ollerby ulimfikia kupitia kwa Agripina Haule, muuguzi kutoka Songea ambaye ameishi Ollerby miaka ishirini na mmoja na anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kaka yake Agripina alikuwa mteja wa zamani wa Mwanahija. Kamati ya akina mama wa Ollerby ilipotaka vitambaa, Agripina akasema anamjua mtu.

Mwanahija ana desturi moja ambayo wakaguzi wengine wanaicheka. Kabla hajaangalia mzigo wowote, humuuliza mteja: kitu hiki ni cha nini, na nani atakishika? Safari hii alimuuliza Agripina. Agripina akamjibu kwa ujumbe wa sauti, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka zikafika dakika arobaini.

“Dada Mwanahija, mji wenyewe ukiuona utasema ni kijiji,” ndivyo ulivyoanza ujumbe wa kwanza. “Lakini usithubutu kuwaambia wenyewe hivyo. Watakutolea hati ya mfalme!”

Hati hiyo ni ya mwaka 1276. Mfalme wa zama hizo aliuruhusu Ollerby kufanya gulio kila Alhamisi, na mnada wa kondoo siku tatu kila mwaka baada ya mavuno. Mwaka huu gulio hilo linatimiza miaka mia saba na hamsini, na mwezi Juni mji mzima utasherehekea.

Barabara zote za Ollerby, Agripina anaeleza, zinateremka mpaka uwanja wa soko. Nyumba ni za mawe ya kahawia, zimebanana mabega, na nyuma ya kila duka kuna kijia chembamba kilichokuwa cha kupitisha mifugo. Upo mtaa wa watengeneza ngozi na mtaa wa wasuka kamba, ingawa leo hakuna anayetengeneza ngozi wala kusuka kamba.

Katikati ya uwanja kuna banda la mawe lisilo na kuta, paa tu juu ya nguzo nane. Wanaliita Banda la Siagi. Hapo ndipo wanawake wa mashambani walipokaa na siagi, mayai na kuku wao, mvua isiwanyeshee. Kengele ilikuwa ikilia saa tatu asubuhi, na aliyenunua kitu kabla ya kengele alitozwa faini, ili tajiri asiwahi kuchukua vyote kabla maskini hajafika.

Chini ya nguzo moja kuna jiwe lenye shimo kama bakuli. Wakati wa tauni, shimo lilijazwa siki, na mnunuzi alitumbukiza hela zake humo kabla muuzaji hajazishika.

“Niliposikia hilo la siki nilicheka peke yangu,” anasema Mwanahija. “Na sisi miaka ile ya korona hapa Guangzhou tulikuwa tunapuliza dawa mpaka kwenye noti. Binadamu ni wamoja.”

Yeye mwenyewe ni mtoto wa gulio. Mama yake aliuza nyanya na mapera gulioni Mombo, na siku za mvua walikaa chini ya turubai moja akina mama sita. Anasema alipoelezwa Banda la Siagi, hakuhitaji kuonyeshwa picha.

Lakini kitu ambacho watu wa Ollerby wanakipenda kuliko vyote ni daraja.

Daraja hilo lilikuwa na matao matano makubwa. Mwaka 1763 mafuriko yakaubomoa upande wa mjini na tao la tano likaenda na maji. Matajiri wa mji wakabishana miaka miwili nani alipe. Watu wa mashambani wakawa hawafiki sokoni ila kwa kuzunguka mbali.

Ndipo wanawake wa siagi, wengi wao wajane, walipoanza kutoa nusu peni kwa kila kikapu, kila Alhamisi, kwa miaka sita. Wakampelekea fundi mawe. Fundi akahesabu, akawaambia: kwa hela hizi naweza kuwajengea nusu ya tao kubwa, au tao dogo lililokamilika. Wakasema dogo, likamilike.

Mpaka leo daraja la Ollerby lina matao manne makubwa na moja dogo, nusu ya wenzake, na njia yake upande huo ni nyembamba. Magari hupita kwa zamu. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kulipanua. Sasa jiwe lake limeanza kupasuka, na vitambaa vya Mwanahija vinakwenda kuuzwa siku ya sherehe ili tao hilo likarabatiwe.

Na kwenye vitambaa vyote elfu nne na mia nane, tao dogo halipo. Yako matano makubwa, mazuri, yamejipanga kama askari.

Aliyefanya hivyo si mzembe. Ni mzee Huang, fundi wa michoro wa kiwanda hicho, ambaye kwa miaka thelathini amechora mashuka na mapazia. Katika kazi ya mashuka, ua huchorwa moja likarudiwa mara mia. Alipoletewa daraja la Ollerby, alichora tao moja kwa uangalifu mkubwa, akalirudia mara nne.

“Mchoro uliotoka Uingereza ulikuwa na kosa mwishoni,” anasema mzee Huang bila kusita. “Mchoraji alichoka, au karatasi ilimwishia. Nikamsaidia.”

Sampuli iliyoidhinishwa mwezi Machi ilikuwa sahihi, kwa kuwa ilichapwa kutoka mchoro wa kwanza wenyewe. Msaada wa mzee Huang ulikuja baadaye.

Bi Liang haoni tatizo. “Mei wenti,” anasema, yaani hakuna shida. “Hija jie, mtu anakausha sahani. Nani atahesabu matao?”

“Watahesabu wote,” Mwanahija anamjibu. “Hata watoto.”

“Miaka minane tunafanya kazi wewe na mimi. Nimewahi kukupa mzigo mbovu?”

“Hujawahi. Ndiyo maana nakwambia wewe kabla sijaandika.”

Saa nne na nusu anafika Jaffari Mwinyigogo, wakala wa usafirishaji kutoka Temeke, mwenye ofisi barabara ya Huanshi Zhonglu. Ndiye aliyepewa kusafirisha mzigo, na ndiye anayempa Mwanahija sehemu kubwa ya kazi zake. Katika kila siku sita za kazi, nne zinatoka kwa Jaffari.

Anasikiliza akiwa amesimama, funguo za gari zinazunguka kidoleni.

“Mama Lulu, hebu niambie kama nimeelewa. Rangi haitoki?”

“Haitoki.”

“Upindo umenyooka?”

“Umenyooka.”

“Idadi imetimia. Sasa wewe unataka kunizuilia kontena kwa sababu daraja limekuwa zuri kupita kiasi?”

“Kwa sababu si lao, Jaffari.”

“Lori linakuja Ijumaa saa sita mchana. Meli ikituacha, inayofuata inafika Uingereza sherehe imekwisha, watu wanafagia uwanja. Sasa kipi bora, wapate daraja lenye kasoro au wasipate kitu?”

Swali hilo, Mwanahija anakiri, lilikuwa la haki.

Jaffari akaongeza kwa sauti ya chini, ya upole, ambayo ndiyo iliyomuuma zaidi. “Mimi nakuheshimu kama mama yangu. Lakini wakaguzi mji huu wapo wengi. Ukishindwa kusaini, nitamleta Humphrey kesho asubuhi, atasaini. Na nikishamzoea Humphrey, mama, unajua inavyokuwa.”

Alijua. Bila kazi za Jaffari, chumba cha Xiaobei hakilipiki, na Lulu bado ana mwaka mmoja na nusu wa masomo.

Mwanahija alituma picha ya kitambaa kwa Agripina, aliyekuwa zamu ya usiku. Jibu lilikuja haraka. “Dada yangu, wakiona hivi watatucheka mpaka kanisani. Lakini visipofika hatuna cha kuuza. Sijui nikwambie nini. Wewe ndiye uliye karibu na mzigo.”

Adhuhuri ikaingia. Alichukua udhu kwenye beseni la kuoshea skrini, zile fremu za wavu za kuchapia rangi, akatandika kitambaa chake safi nyuma ya marobota, akaswali. Anasema hakuomba mzigo uwe mzuri, kwa kuwa mzigo ulishachapwa. Aliomba asiogope.

“Nilipotoa salamu nikabaki nimekaa, naangalia ukuta,” anasimulia. “Mbele yangu yapo mabaki ya kanga zilizochapwa hapo mwaka juzi. Nikakumbuka zile kanga zilikuwa na doa jeupe, na zilipona.”

Kanga hizo, za mteja wa Tanga, zilitoka na madoa ya rangi iliyokosekana. Badala ya kuzitupa, kiwanda kilitengeneza skrini ndogo ya pili, kikapachika rangi pale tu palipokosekana. Mwanahija alikuwepo, akaziangalia moja moja.

Akainuka. Akachukua kitambaa cha Ollerby na kalamu ya chaki ya mafundi nguo. Ndani ya tao la tano palikuwa na buluu hafifu ya maji. Akachora humo tao dogo, halafu nafasi iliyobaki juu yake na pembeni akaipaka kwa chaki ya kahawia, kana kwamba ni mawe.

Tao kubwa likawa dogo. Kahawia inafunika buluu, kwa kuwa rangi nzito hukaa juu ya rangi nyepesi.

“Hatuchapi upya,” akawaambia. “Tunaziba.”

“Bu xing!” Bi Liang akasema papo hapo. Haiwezekani. Vitambaa elfu nne na mia nane vimeshakunjwa na kufungwa kumi kumi. Vifunguliwe, vitandazwe kimoja kimoja, vizibwe mahali pasipozidi upana wa vidole viwili, vikauke, vikunjwe tena, vyote kabla ya Ijumaa saa sita?

“Nitatandaza mimi,” Mwanahija akasema. “Wewe nipe meza nne na mtu wa kuvuta rangi.”

Jaffari akacheka. “Na ukishindwa?”

“Nikishindwa mlete Humphrey. Ijumaa asubuhi, si kesho.”

Aliyekuwa mgumu zaidi alikuwa mzee Huang. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwa watu wote, anakula machungwa. Kuziba mchoro wake mbele ya wafanyakazi kulikuwa ni kumvua nguo hadharani. Na bila yeye skrini mpya isingetengenezwa.

Mwanahija akavuta stuli, akakaa karibu naye. Kwa Kichina chake cha sokoni, kisicho na mapambo, akamweleza habari za wanawake wa siagi, nusu peni kwa kila kikapu, na yule fundi mawe aliyewapa kuchagua.

Mzee Huang akatafuna kipande cha chungwa mpaka kikaisha. “Wakachagua dogo?”

“Dogo, likamilike.”

“Kwa miaka sita?”

“Sita.”

“Fundi huyo alikuwa mkweli,” akasema mzee Huang. Akaunyoosha mkono wake kuomba kitambaa. “Lakini wewe umelichora vibaya, Hija jie. Tao haliwi hivi, litaanguka. Lete penseli.”

Jioni hiyo skrini ikawa tayari. Vitambaa ishirini vya kwanza vikaharibika, kwa kuwa kahawia mpya ilikauka ikawa nyeusi na tao likaonekana kama jino bovu. Bi Liang akatazama pembeni. Mzee Huang akachanganya rangi upya, akatia tone la kijani, akajaribu, akatia jingine. Cha ishirini na moja kilipokauka, Mwanahija alikipeleka dirishani kwenye mwanga, akakirudisha, akasema neno moja: “Alhamdulillahi.”

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mezani. Saa mbili akaingia Muzdalifa, mikono ya baibui ameikunja, na wanawake watatu wa Xiaobei nyuma yake.

“Shoga, nimesikia unashona daraja,” akasema. “Uingereza yenyewe haijui kama kuna wazee wanaumia migongo kwa ajili yake.”

“Njoo ukunje, acha maneno.”

“Nakunja na maneno yangu. Hayapunguzi mwendo.”

Ndivyo walivyofanya kazi. Mwanahija alitandaza na kulinganisha, pini mbili kila kitambaa, ukingo wa skrini juu ya ukuta wa daraja. Mfanyakazi wa Bi Liang alivuta rangi. Muzdalifa na wenzake walianika, wakakunja, wakafunga. Kilichosogea hata kwa unene wa uzi kiliwekewa stika nyekundu na kutupwa pembeni.

Mchana Jaffari akaja kuchungulia. Muzdalifa akamwona kabla hajafika mlangoni.

“Karibu, bwana mkubwa! Kaa pale na suruali yako ya pasi, usije ukapata rangi. Sisi bibi zako tunafanya kazi.”

“Bi Muzdalifa, mimi nimekuja tu kuangalia.”

“Kuangalia ndiyo kazi ya mwenzangu huyu, naye unataka kumfukuza. Sasa angalia vizuri, kwa kuwa utaanza kuifanya mwenyewe.”

Wanawake wakaangua kicheko. Jaffari akatabasamu kwa taabu, akatazama saa yake, akaondoka. Hakusaidia, lakini pia hakumpigia Humphrey.

Ijumaa saa tano kasorobo kitambaa cha mwisho kilifungwa. Vilivyopita vilikuwa elfu nne mia saba hamsini na viwili. Vilivyoharibika arobaini na vinane, vikiwemo vile ishirini vya kwanza.

Ukipitisha kidole juu ya tao la tano, unasikia rangi imeinuka kidogo. Bi Liang alimshauri asiliandike hilo kwenye ripoti, maana halionekani kwa macho. Mwanahija aliliandika, pamoja na sababu, na idadi ya vilivyokataliwa, na kosa lilivyotokea bila kumtaja mtu. Kisha akaweka saini. Lori lilikuja, likapakia, likaondoka. Aliswali Ijumaa yake akiwa amechelewa, anasema, na miguu imevimba.

Angependa kusema kwamba mambo yalinyooka hapo hapo. Hayakunyooka.

Kwa wiki tatu Jaffari hakumpigia simu. Kazi zake zote zilikwenda kwa Humphrey. Mwanahija alizunguka Zhanxi na Muzdalifa akikagua viatu kwa yuan themanini kwa siku, akakaa nusu ya siku anasubiri wateja waliosahau kuja. Mwezi huo Lulu alitumiwa nusu ya kawaida, na mama yake akamwambia ukweli, kwa kuwa binti ni mtu mzima.

“Alinijibu, mama, mimi nitakula mara mbili kwa siku, ila usije ukaweka saini ya uongo,” anasema Mwanahija. “Nililia. Lakini si kwa huzuni.”

Bi Liang ndiye aliyemtafuta kwanza. Alikuwa na oda ya mapazia ya hoteli Addis Ababa, na hakutaka mkaguzi yeyote ila Hija jie. Mzee Huang, alieleza, sasa anauliza kila mchoro unaoingia: hili kosa, au wanalipenda?

Halafu, asubuhi moja ya Mei, Jaffari alipanda ngazi za Xiaobei mwenyewe, mfuko wa matunda mkononi. Alikaa kwenye kochi, akauliza afya, akauliza habari za Lulu, akauliza afya tena.

“Mashati ya shule,” akasema mwishowe. “Mia sita. Yalikwenda kwa ndege, yamefika Dar. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi.”

“Yote?”

“Yote, Mama Lulu. Humphrey alipima mkono mmoja tu. Wa kushoto.”

Mwanahija alijitahidi asicheke, akashindwa, na Jaffari naye akacheka akiwa ameshika kichwa.

Sasa ana mpango, na anauzungumza bila haraka. Anataka kupanga chumba kidogo chini, karibu na barabara, chenye meza mbili ndefu na taa nyeupe, afundishe wanawake wawili wa Xiaobei kazi hii, na wafanye kwa jina lao wenyewe. Atakayetaka mzigo wake ukaguliwe atawakuta hapo, awe Jaffari au mwingine. Ameshaenda kuona vyumba vitatu. Kimoja kina unyevu, kimoja ghali, cha tatu mwenye nyumba bado anafikiri.

Jaffari amekubali kurudisha kazi zake. Asubuhi ile ile, pale kochini, alitoa simu kumwonyesha mzigo wa kwanza, vyandarua elfu mbili vya Mtwara.

“Hivi vinapakiwa tarehe—”

“Hapana,” Mwanahija akamkata. “Kuanzia leo kuna sharti moja. Tarehe ya meli usiniambie mpaka nimalize kuangalia.”

“Na kama nimechelewa?”

“Ukichelewa utajua wewe na meli yako. Mimi niambie tu vyandarua viko wapi, na nani atalala chini yake.”